Jibu la mtaalamu: Niuze muswada wangu wa filamu, au nisubiri niuongoze mwenyewe?

Swali: Mimi ni mwandishi wa miswada, mkazi wa Morogoro. Kwa miaka kadhaa nimekuwa mmoja wa waandishi wa tamthilia ya televisheni inayorekodiwa Dar es Salaam, nikilipwa kwa kila episodi. Kwa wakati wangu mwenyewe nimeandika muswada wa filamu ndefu kuhusu familia ya wakulima wa miwa wa bonde la Kilombero, ambao sini yake kubwa ni ya shamba linalowaka moto usiku. Mtayarishaji mmoja ameusoma na anataka kuununua kwa malipo ya mara moja, kisha atafute mwongozaji mwenye jina. Nia yangu ni kuongoza mwenyewe, ingawa sijawahi kuongoza chochote. Nahofia pia kwamba Kiswahili cha muswada kitanifungia milango ya wafadhili wa nje. Muhtasari wa hadithi nimeuambatanisha. Je, niuze ili nijulikane, au nikatae? Na katika soko letu, mtu mmoja anaweza kweli kuwa mwandishi na mwongozaji, au ni lazima achague moja?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na lililo la haraka, kwa kuwa mtayarishaji wako anasubiri jibu. Usiuuze muswada huo kwa malipo ya mara moja, lakini pia usimfungie mlango mtu aliyeusoma mpaka mwisho na kuupenda, maana wasomaji wa miswada walio tayari kutoa fedha zao ni wachache mno kwetu. Kati ya kuuza na kukataa ipo njia ya tatu, nayo ni kumpa haki ya kuushikilia muswada kwa muda maalumu, huku umiliki ukibaki kwako. Nitaieleza kwa kirefu huko mbele. Kuhusu kuongoza filamu hii, nitakuwa mkweli: kwa leo hujawa tayari. Hata hivyo unaweza kuwa tayari mapema kuliko unavyodhani, na muswada huuhuu ndio utakaokufikisha hapo, ilimradi uendelee kuwa mali yako.

Wengi wetu tumezoea kuuona uandishi kama kazi ya kupitia tu, ambayo mtu huifanya mpaka atakapopata nafasi ya kukaa nyuma ya kamera. Mimi nauona kama mtaji, na kwa mtu asiye na fedha, asiye na vifaa na asiye na jina, ndio mtaji pekee. Katika Hollywood ya miaka ya 1930 waandishi walilipwa vizuri, lakini wakishakabidhi kurasa zao hawakuwa na kauli tena. Preston Sturges alikuwa miongoni mwa waandishi waliolipwa fedha nyingi zaidi pale, na bado hakuridhika na jinsi wengine walivyoziongoza kazi zake. Akaipa studio ya Paramount muswada wa The Great McGinty kwa dola 10 tu, kwa sharti moja kwamba aiongoze mwenyewe. Filamu ilitoka mwaka 1940, na muswada huo ukampatia tuzo ya Oscar katika kundi la muswada asilia, kundi ambalo ndiyo kwanza lilikuwa limeanzishwa. Katika studio hiyohiyo, mwandishi Billy Wilder alikasirishwa na mwigizaji Charles Boyer, aliyekataa kuigiza sini ya kuzungumza na mende katika Hold Back the Dawn ya mwaka 1941, ambayo Wilder alishiriki kuiandika, kwa kuwa aliiona ya kipuuzi, na mwongozaji akaiondoa. Wilder akadai kiti cha mwongozaji, na mwaka uliofuata akaongoza filamu yake ya kwanza nchini Marekani.

Katika mifano hiyo miwili, aliyekuwa na muswada ambao mwenzake aliutaka ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuweka masharti. Lakini usiichukue mifano hiyo nzimanzima. Sturges na Wilder walikuwa ndani ya studio yenye mishahara, wapiga picha, mafundi na wahariri wa kudumu, na walikuwa wameingia na kutoka katika seti kwa miaka mingi. Zaidi ya hapo, Wilder alipoanza kuongoza alikaa na mhariri Doane Harrison palepale kwenye seti, naye Harrison akawa anamwonyesha ni picha gani zitaungana na zipi hazitaungana. Wewe huna studio nyuma yako. Kwa hiyo biashara ya kuutoa muswada karibu bure ili upewe kiti, ambayo kwa Sturges ilikuwa ya busara, kwako inaweza kuishia kwa kukosa vyote viwili: fedha huna, na kiti kikiyumba siku ya tatu ya kurekodi, mtayarishaji atamleta mwongozaji mwingine.

Sasa tuje nyumbani, ambako njia za watu waliofanikiwa hazijanyooka hata kidogo. Mfuate Wanuri Kahiu wa Kenya, aliyesomea uongozaji katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Filamu yake ndefu ya From a Whisper, aliyoiandika na kuiongoza, ilitoka mwaka 2008 na ilihusu makovu ya shambulio la bomu la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi mwaka 1998. Mwaka uliofuata alitoa filamu fupi ya Pumzi. Filamu ya Rafiki ilikuja mwaka 2018, ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes, huku nyumbani ikipigwa marufuku na Bodi ya Uainishaji Filamu mpaka Mahakama Kuu ilipoiruhusu kuonyeshwa kwa siku saba mwezi Septemba mwaka huo. Mwaka 2022 aliongoza Look Both Ways ya Netflix, ambayo muswada wake uliandikwa na mtu mwingine kabisa. Tazama pengo lililopo kati ya 2008 na 2018: ni miaka kumi ambayo mwongozaji aliyekwisha kushinda tuzo aliijaza kwa filamu fupi na filamu za hali halisi, huku akitafuta fedha. Anayetaka kazi hii na awe na mpango wa kuishi katika pengo la namna hiyo.

Mugambi Nthiga alipita njia nyingine. Alikuwa mwigizaji, akaingia katika uandishi, akashiriki kuandika Kati Kati ya mwaka 2016 na Supa Modo ya mwaka 2018, zote zikiwa zimeongozwa na watu wengine na zote zikiwa zimetokana na mradi wa mafunzo wa One Fine Day uliokuwa ukiendeshwa Nairobi. Mwaka 2019 akaongoza Lusala, na safari hiyo muswada uliandikwa na wengine. Wako watu ambao huanza kuongoza kwa muswada wa mwenzao, na huenda ikawa salama zaidi, kwa sababu hawalazimiki kukata maneno ambayo wao wenyewe waliyatolea jasho.

Upande wetu wa Tanzania, Amil Shivji aliigeuza riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, kuwa filamu iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, na muswada aliuandika pamoja na Jenna Cato Bass wa Afrika Kusini. Bass huyohuyo ndiye aliyeshirikiana na Wanuri Kahiu kuandika Rafiki, naye ni mwongozaji mwenye filamu zake, ikiwemo High Fantasy ya mwaka 2017. Hapo swali lako la kuchagua moja limekwisha kujibiwa na mtu aliye hai na anayefanya kazi: anawaandikia wenzake, anaongoza zake, na hakuna kazi inayoifuta nyingine. Kwa kweli, sehemu kubwa ya waongozaji ninaowafahamu katika ukanda huu hulipa kodi ya nyumba kwa uandishi au kwa matangazo ya biashara.

Hilo linanileta kwenye tamthilia unayoiandikia, ambayo katika barua yako umeitaja kana kwamba ni kazi ya kujikimu tu. Tamthilia imekupa ujuzi ambao vyuo vingi vya filamu havitoi. Unaandika kwa tarehe. Unaandika ukijua kwamba nyumba ya familia tajiri inapatikana siku mbili tu kwa wiki, kwamba mwigizaji fulani amesafiri, na kwamba mvua ikinyesha sini ya nje italazimika kuhamia barazani. Huo tayari ni nusu ya uongozaji, maana mwongozaji wa bajeti ndogo hushinda akijibu maswali ya namna hiyo. Soko lenyewe pia linaonyesha kwamba televisheni inaweza kumkuza mtu mpaka akawa mwenye mali: Leah Mwendamseke, anayejulikana zaidi kwa jina la Lamata, amejenga jina kubwa kama mwongozaji na mtayarishaji wa tamthilia, Jua Kali ikiwa mojawapo, iliyorushwa na chaneli ya Maisha Magic Bongo.

Lakini tamthilia pia huacha alama, na nimesoma miswada mingi ya filamu ndefu iliyoandikwa na waandishi wa televisheni kiasi kwamba huitambua kabla sijafika ukurasa wa kumi. Wahusika hueleza kwa maneno kile ambacho tumekwisha kukiona, kwa kuwa mwandishi amezoea mtazamaji aliyeko jikoni anayesikiliza tu. Kila sini humalizika kwa mshtuko, kwa kuwa amezoea tangazo la biashara linalokuja. Watu wawili hukaa sebuleni na kusemezana kurasa nne, kwa kuwa sebule ndiyo lokesheni ya bei nafuu. Katika tamthilia hayo yote yana sababu zake na siyadharau. Timu inayotakiwa kurekodi zaidi ya kurasa kumi kwa siku haiwezi kufanya vinginevyo. Filamu inayorekodi kurasa tatu hadi tano kwa siku inakununulia muda wa kukaa kimya, na muda huo usipoutumia, kulikuwa na faida gani kuulipia? Pitia muswada wako upya na kalamu nyekundu, ukitafuta kila mahali ambapo mhusika anasema jambo ambalo uso wake, mikono yake au kitu alichoshika kingeweza kulisema.

Wakati huohuo, omba mambo mawili kazini, na uyaombe kwa maandishi. La kwanza ni ruhusa ya kukaa chumba cha uhariri siku ambazo episodi zako zinakatwa. Utaona sini uliyoiandika kwa kurasa tatu ikibaki na dakika moja, nawe utajua ni mistari ipi iliyoondoka na kwa nini hakuna aliyeikosa. La pili ni kuwa msaidizi wa mwongozaji katika siku chache za kurekodi, au mtunza mwendelezo, yaani yule anayeandika katika kila picha mhusika alikuwa ameshika kikombe kwa mkono gani. Kazi ya mwendelezo haina sifa na watu huikimbia, ilhali ndiyo inayokukalisha karibu na kamera kutwa nzima na kukulazimisha kuielewa kila picha kabla haijapigwa. Tamthilia ndefu hurekodiwa kwa mafungu, mara nyingi waongozaji wakipokezana, na mwongozaji akiugua au akipata kazi nyingine, mtayarishaji humtazama kwanza mtu aliye karibu anayeijua hadithi. Mwandishi aliyekwisha kuzoeleka seti anaweza kuwa mtu huyo.

Sasa nataka tukae na sini yako ya moto, kwa sababu ndiyo inayoonyesha vizuri kuliko maelezo yoyote tofauti ya kazi hizi mbili. Mwandishi anaweza kuandika "Shamba linawaka" na akaendelea na sini inayofuata. Mwongozaji anayapokea maneno hayo mawili na lazima aamue. Kilombero miwa huchomwa kabla ya kukatwa, ili majani makavu yaondoke, lakini huchomwa katika msimu wa mavuno peke yake, kwa ratiba ya wenye shamba, na moto ukishashika miwa iliyokauka hukimbia kwa kasi ya kutisha na kumaliza kipande cha shamba kwa dakika chache. Huwezi kuuambia urudi mwanzo kwa sababu mwigizaji amesahau mstari. Ukitaka moto wa kweli unahitaji kibali cha wenye shamba, watu wa zimamoto, kamera zaidi ya moja zikirekodi kwa pamoja, na waigizaji waliofanya mazoezi mpaka hawana la kuuliza. Na hata hapo una nafasi moja. Ukitaka moto wa kutengenezwa kwa kompyuta, unahitaji fedha ambazo nina shaka kama mtayarishaji wako anazo, na moto wa aina hiyo ukifanywa kwa bei nafuu huonekana mara moja, na ukumbi mzima hucheka.

Iko njia nyingine. Swali la kwanza la mwongozaji ni hili: sini hii ni ya nani? Kama nimeelewa muhtasari ulioniandikia, moto huo unamuuma mama, ambaye shamba lake limechomwa mapema ili alazimike kuuza miwa yake kwa bei ya kutupa. Je, ni lazima tuuone moto, au ni lazima tumwone yeye? Watu wanaoishi karibu na mashamba ya miwa wanajua kwamba shamba likichomwa, masizi meusi huruka angani na kuangukia nguo zilizoanikwa uani. Mama anaweza kuwa anaanua nguo usiku, mwanga mwekundu ukimpiga usoni kutoka upande ambao kamera haiugeukii, masizi yakianza kushuka juu ya shuka jeupe, naye akatambua kwa mwelekeo wa upepo kwamba ni upande wa shamba lake. Sini hiyo inahitaji ua mmoja, taa zenye rangi, mtu wa kumwaga masizi kutoka juu ya paa, na mwigizaji hodari. Inagharimu sehemu ndogo sana ya moto wa kweli, na kwa maoni yangu ina nguvu zaidi. Lakini hayo ni maamuzi yangu. Yawezekana wewe unaona filamu ambayo haikubaliki bila mtazamaji kuutazama moto wenyewe ana kwa ana, na kama ndivyo, jiandae kuutetea mbele ya mtu mwenye fedha kwa sababu zinazotoka ndani ya hadithi.

Ninakushauri utengeneze filamu fupi kutokana na hilo. Isiwe kipande kilichokatwa kutoka filamu ndefu wala tangazo lake. Iwe hadithi kamili ya dakika kumi au kumi na mbili, yenye mama yuleyule au jirani yake, ua mmoja, usiku mmoja. Tumia waigizaji unaowafahamu kutoka tamthilia, umlipe mpiga picha vizuri kuliko wengine wote, na uhifadhi fedha za sauti, kwa sababu picha yenye dosari huvumilika lakini mazungumzo yasiyosikika hayasameheki. Usiirekodi kinyemela. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inadai kibali cha Bodi ya Filamu, na maombi huambatanishwa na muswada. Wenzetu wa Kenya wana sheria yenye sharti kama hilo. Ikimalizika, ipeleke katika Tamasha la Filamu la Zanzibar, ambalo limekuwapo tangu miaka ya 1990 na hupokea filamu fupi, na katika matamasha mengine ya Afrika. Hata isiposhinda chochote, utakuwa na kitu cha kumwonyesha mtayarishaji atakapokuuliza ni kipi kinachomfanya aamini kwamba unaweza kuongoza. Kwa sasa huna jibu la swali hilo, na yeye ana haki kamili ya kuliuliza.

Kuhusu lugha, ambayo umeigusia kwa mstari mmoja ukihofia kwamba Kiswahili kitakufungia milango ya wafadhili wa nje: hofu hiyo iache. Ousmane Sembène wa Senegal, aliyekuwa mwandishi wa riwaya kwa Kifaransa kabla ya kwenda Moscow kujifunza utengenezaji wa filamu mwanzoni mwa miaka ya 1960, alifanya hivyo kwa sababu alitaka kuwafikia watu wake wasioweza kusoma, na filamu yake ya Mandabi ya mwaka 1968 ilizungumza Kiwolofu. Mifuko ya kufadhili filamu kama Hubert Bals wa Rotterdam na World Cinema Fund wa Berlin husoma maombi kwa Kiingereza, na wewe utaandaa tafsiri ya muswada kwa ajili hiyo, lakini filamu yenyewe itabaki na lugha ya watu wake. Tafsiri hiyo mpe mtu anayeandika vizuri Kiingereza, usiifanye kwa mashine, kwa kuwa msomaji wa Rotterdam hatakuwa na kingine cha kukupimia. Nyumbani, Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania hutoa mikopo kwa wasanii. Kumbuka tu kwamba mkopo hulipwa, na filamu fupi hairudishi fedha.

Turudi sasa kwa mtayarishaji. Kabla hujaketi naye, toa mkataba wako wa tamthilia ulipouhifadhi na uusome neno kwa neno. Mikataba mingine ya televisheni ina kifungu kinachosema kwamba chochote kitakachoandikwa na mwandishi katika kipindi cha mkataba ni mali ya kampuni, hata kama kimeandikwa usiku nyumbani kwake. Kama kifungu hicho kipo, unahitaji barua ya kampuni inayokiri kwamba haina dai lolote juu ya muswada wa Kilombero, na ni heri uiombe leo kuliko siku utakayokuwa umeshafika tamasha la nje. Sheria nazo hutofautiana: nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaihesabu kazi iliyoagizwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo, kwa hiyo ukija kuandikia kampuni ya Nairobi, ukimya wa mkataba utakuumiza wewe.

Hakimiliki ya muswada wako ilizaliwa pale ulipouandika, na sheria haikudai usajili. Hata hivyo uandikishe katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, ili uwe na ushahidi wa tarehe. Kumbuka pia kwamba kinacholindwa ni jinsi ulivyoiandika hadithi, wala si wazo la mama aliyechomewa shamba. Mtu mwingine akiandika hadithi yake ya miwa, huna kesi. Na ikiwa familia uliyoiandika ni ya kweli, pata idhini yao kwa maandishi hata kama umebadili majina, kwa sababu watu wa kijiji kimoja hutambuana.

Mkataba ninaokupendekezea una muundo huu. Mtayarishaji anakulipa kiasi fulani sasa ili ashikilie haki ya pekee ya kuununua muswada ndani ya miezi 12 au 18, na katika muda huo wewe huwezi kumpa mtu mwingine. Bei ya kununua mnaiandika mapema, ikiwa ni asilimia ya bajeti ya filamu yenye kiwango cha chini kisichoshuka, nayo inalipwa yote kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi. Muda ukiisha bila kurekodi, haki zote zinarudi kwako bila barua wala kesi, na fedha ulizokwisha kupokea hazirudishwi. Akitaka kuongeza muda, analipa tena, na kuongeza huko kuruhusiwe mara moja tu. Wako watayarishaji wanaokalia muswada miaka mitano kwa nia njema kabisa. Wewe ndiye unayepewa nafasi ya kwanza ya kuandika upya panapohitajika, kwa malipo, na jina lako linabaki kwenye filamu na kwenye mabango hata kama mwandishi mwingine ataongezwa baadaye. Haki za riwaya, mchezo wa jukwaani, tamthilia na filamu za mwendelezo ziandikwe wazi kwamba hazimo.

Kiti cha mwongozaji kiwekewe kifungu chake. Usidai aahidi leo kwamba utaongoza, kwa kuwa mtu makini hawezi kuahidi hivyo kwa asiyeongoza bado, na anayeahidi kirahisi mwogope. Dai kwamba asimwajiri mwongozaji mwingine kabla ya tarehe mtakayokubaliana, itakayokupa nafasi ya kumaliza filamu fupi, na kwamba baada ya kuitazama atoe uamuzi kwa maandishi. Akikuchagua, vizuri, akimchagua mwingine, uwe na nafasi ya kulipwa kama msaidizi wa mwongozaji huyo kwa muda wote wa kurekodi, na hapo utaisomea kazi kwa fedha za mtu mwingine.

Usiingie kwenye mazungumzo hayo kama mtu anayeomba hisani. Kampuni ya usambazaji, kituo cha televisheni au jukwaa la mtandaoni lenye utaratibu litamtaka mtayarishaji athibitishe kwamba haki za filamu ni zake, kuanzia kwa mwandishi mpaka kwa mtunzi wa muziki, na karatasi ya kwanza katika mfululizo huo ni ile yenye sahihi yako. Bila hiyo atakuwa na filamu asiyoweza kuiuza mahali popote pa maana, na kama ana uzoefu, analijua hilo kabla hujalisema.

Anaweza, hata hivyo, kusisitiza kwamba ni kununua moja kwa moja au basi. Hapo swali linakuwa la hesabu zako za nyumbani, nami siwezi kukuamulia. Kama fedha hizo zingekutosha kutengeneza filamu fupi na kuishi mwaka mmoja, na kama una muswada mwingine kichwani ulio karibu nawe kama huu, kuuza si aibu. Wapo walioanza hivyo. Bado kwa bei hiyo yabakize mambo matatu: jina lako, malipo ya kuandika upya, na kifungu cha kwamba asiporekodi ndani ya miaka mitatu unaweza kuurudisha kwa kumlipa alichokulipa bila riba. Mpelekee wakili anayeshughulikia hakimiliki asome rasimu kabla hujatia sahihi, na ada yake uihesabu kuwa sehemu ya bei. Mtayarishaji akikataa hata hayo matatu, mshukuru kwa kuusoma muswada, na uendelee na filamu fupi.